UZI: Taa ya LED ya kujiundia kwa bustani ya ndani. Niliunguza fito mbili ndipo nikaelewa

#1 Mkulima_wa_Kabati (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Watu watatu wameniuliza faraghani taa ninayooteshea letusi na rehani ndani ya nyumba niliinunua wapi. Sikuinunua, niliiunda. Ya kwanza ilidumu siku tisa. Naandika hapa mara moja ili nisirudie maelezo, na mwenzangu asipite nilipopita mimi.

Naanza na lililoniuma. Nilikuwa na fito tatu za LED. Nikisema ufito simaanishi ile tepe laini inayokuja imeviringwa. Namaanisha kibao chembamba kigumu cha alumini, urefu kama sentimita 56, LED nyeupe ndogondogo zimepangwa mstari juu yake. Kila ufito unataka milliampea 700, na ukishawaka unakaa kwenye volti 20 hivi. Nikapiga hesabu ya kichwani: 700 mara tatu ni 2100. Nikachukua draiva (kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani na kuulisha LED) moja ya ampea 2.1, nikaunga fito zote sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja. Zikawaka, kabati likang'aa, nikaanza kujiita fundi.

Siku ya tisa waya mmoja ukachomoka kwenye kiunganishi. Ufito wa kushoto ukazima. Niliuona asubuhi, nikasema jioni nitaurudishia. Sasa draiva haina habari kwamba ufito mmoja umetoka. Yenyewe imeambiwa isukume ampea 2.1, basi inasukuma. Fito mbili zilizobaki zikagawana mzigo, 1050 kila mmoja. Mmoja ukashindwa na moto, ukakata. Wa mwisho ukabebeshwa ampea zote, mara tatu ya kiasi chake, nao haukuchukua muda. Niliporudi chumba kinanuka plastiki iliyoungua, na kila LED ina doa jeusi katikati. Ufito pekee uliopona ni ule uliochomoka waya.

Kwa hiyo kabla hujanunua LED hata moja, elewa draiva. LED haiishi kwa volti kama balbu za zamani, inaishi kwa ampea. Ikipata joto, volti inayoihitaji hushuka. Ukiilisha volti isiyobadilika bila kitu cha kuizuia, itavuta ampea zaidi, itapata joto zaidi, itavuta zaidi tena, mpaka ife. Draiva ya mkondo usiobadilika ndiyo inayoikata hiyo tamaa. Kwenye lebo yake utaona vitu viwili: milliampea inazotoa, na volti kutoka ngapi hadi ngapi. Volti za fito zako ukizijumlisha lazima ziangukie katikati ya hizo mbili.

Nilichofanya mara ya pili: fito nne, draiva mbili ndogo za milliampea 700, kila draiva inalisha fito mbili zilizoungwa kwa mfululizo, mkia wa mmoja kwenye kichwa cha mwingine. 20 na 20 ni 40, na draiva zangu zinabeba volti 9 hadi 48. Waya ukichomoka leo, fito mbili zinazima na mbili zinaendelea kuwaka. Hakuna anayebebeshwa mzigo wa mwenzake.

Rafu yangu ni sentimita 80 kwa 60. Nitaleta vipimo vya mwanga nikipata nafasi, kwa sasa ulizeni.

#2 kijani_kibichi

Natia kambi hapa. Uzi bila picha ni chai lakini, mkuu.

#3 Mkulima_wa_Kabati

@kijani_kibichi hahaha, zile zilizoungua nimezitundika ukutani juu ya meza ya kazi, kama kumbukumbu. Picha nitaweka.

#4 Swali_Tu

Shikamooni wakubwa. Mimi mgeni kabisa kwenye haya mambo. Nimeona mtandaoni taa za kuoteshea zinatoa mwanga wa zambarau, nyekundu na bluu tu. Wanasema mmea haoni kijani ndiyo maana jani ni la kijani. Wewe umetumia nyeupe. Hiyo nyeupe si ya kuonea sisi watu?

#5 Rehani_na_Mnanaa

@Swali_Tu marahaba. Hilo swali kila mtu analianzia hapo hapo, nami nilinunua ya zambarau. Miche iliota vizuri tu, tatizo ni mimi. Chini ya ule mwanga kila jani linaonekana jeusi. Nilikuwa na utitiri kwenye pilipili wiki mbili nzima sijui, nimekuja kushtuka nilipotoa chungu dirishani. Taa nyeupe inakuonyesha jani likianza kuwa la njano, doa la kutu, yai la mdudu. Kwangu hiyo peke yake inatosha.

#6 Mzee_wa_Multimita

Habari ya jani kutotumia kijani ni nusu ya ukweli iliyokuzwa. Ukiichuja klorofili ndani ya chupa ukaipima, kweli inameza bluu na nyekundu na kuacha kijani kipite. Lakini jani si chupa. Ndani ya jani mwanga wa kijani unagongagonga huku na huku mpaka mwingi wake unamezwa, tena unafika tabaka za chini ambako nyekundu na bluu zimeishia juu. Mwaka 1972 mtafiti McCree alichapisha vipimo vya usanisinuru kwa rangi mojamoja za mwanga kwenye majani ya aina 22 za mimea. Kijani kilifanya kazi, tena si haba. Nyekundu iliongoza, sawa, lakini mwanya si ule wanaokuchorea kwenye matangazo.

Na LED nyeupe, kwa ndani, ni LED ya bluu. Chipu inatoa bluu ya karibu nanometa 450 (urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi), juu yake kuna unga wa fosfa unaogeuza sehemu ya ile bluu kuwa kijani, njano na nyekundu. Kwa hiyo ukinunua nyeupe umepata vyote. Bila LED ya bluu nyeupe isingekuwepo, ndiyo maana Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014.

#7 Swali_Tu

Asante mzee. Sasa nyeupe ipi? Dukani naona zinaandikwa 3000K, 4000K, 6500K.

#8 Mkulima_wa_Kabati

@Swali_Tu hiyo K ni kelvini, rangi ya mwanga. 3000 ina manjano na nyekundu nyingi, 6500 ina bluu nyingi. Bluu inafanya mmea ujikunje, uwe mfupi na shina nene. Ikipungua sana miche inatambaa. Kwa miche tupu ningechukua 5000 au 6500. Kwa nyanya na pilipili mpaka zitoe maua, 3000 au 3500. Mimi nilichukua 4000 kwa sababu rafu ni moja na mimea ni mchanganyiko. Usiumize kichwa hapa. Kosa la rangi utaliona kidogo, kosa la kiasi cha mwanga litakuua.

#9 fundi_waya

Mleta uzi kaeleza vizuri ila naomba nimpinge kidogo. Kusema sambamba ni kosa ni kuwatisha watu. Taa kubwa nyingi za kibiashara zimeungwa sambamba, na kuna sababu. Ukiunga fito sita kwa mfululizo umefika volti 120 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), na hizo zinaua. Sambamba unabaki kwenye volti 20, unashika bila kuogopa.

Kosa lako halikuwa sambamba, mkuu. Kosa ni kuwa na fito chache sambamba, kila mmoja ukiendeshwa kwa kiwango chake kamili, na viunganishi vibovu. Ungekuwa na fito kumi zinazoendeshwa nusu ya uwezo, mmoja ukichomoka waliobaki wanaongezewa moja ya tisa tu. Wala wasingejua.

#10 Mkulima_wa_Kabati

@fundi_waya nakubali, hasa hapo kwenye kuendesha nusu ya uwezo. Lakini anayesoma huu uzi ana fito tatu nne, hana kumi. Na ndiyo maana nimegawa mbili mbili: volti 40, chini ya ile 60 ambayo mafundi huihesabu kuwa mpaka wa kushikika kwa DC.

#11 fundi_waya

Hapo sawa. Ila ongeza: draiva iwe ile iliyotenganisha umeme wa ukutani na wa upande wa LED. Kuna draiva za bei ya kutupa ambazo pande mbili zinagusana ndani kwa ndani. Utapima volti 40 kati ya chanya na hasi ukafurahi, kumbe ukishika waya mmoja huku umekanyaga sakafu yenye maji unapigwa na umeme wote wa nyumbani.

#12 nuru_baridi

Mimi njia yangu ni rahisi kuliko zenu zote. Nachukua balbu za LED za kawaida za wati 9, nang'oa ile kofia nyeupe ya plastiki, mwanga unaongezeka hapohapo. Nimefunga balbu nane kwenye ubao. Hakuna draiva, hakuna hesabu. Letusi wanakua.

#13 fundi_waya

@nuru_baridi ndugu yangu, zima hiyo kitu leo. Sikutanii. Balbu nyingi za namna hiyo draiva yake haijatenganishwa na umeme wa ukutani. Zile LED zilizo wazi ukigusa umegusa laivu. Kofia unayoing'oa haipo kwa urembo, ndiyo kinga pekee kati ya kidole na umeme. Na wewe uko kwenye bustani, una chupa ya kunyunyizia maji mkononi.

#14 nuru_baridi

Mbona miezi mitano sijapigwa?

#15 fundi_waya

Kwa sababu hujagusa. Sio kwa sababu haipigi.

#16 Rehani_na_Mnanaa

@nuru_baridi kaka, balbu ni nzuri, mimi mwenyewe nilianzia na balbu. Ziache na kofia zake, zishushe karibu zaidi na mimea. Ule mwanga kofia inaoumeza ni mdogo, ukishusha balbu sentimita chache umeurudisha wote na riba.

#17 nuru_baridi

Haya, nimewaelewa. Kofia zipo kwenye ndoo, nitazirudisha kwa gundi ya silikoni.

#18 fundi_waya

Chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

#19 Mkulima_wa_Kabati

Nimerudi na vipimo. Hapa nitakaa kidogo, ndipo watu wengi wanapotea.

Acheni kuuliza "wati ngapi". Acheni pia lumeni, ile namba ya mwanga inayoandikwa kwenye pakiti ya balbu. Lumeni imepimwa kwa jicho la mtu, na jicho letu linapenda kijani cha nanometa 555 kuliko rangi nyingine. Mmea hauna macho. Kwa mmea tunahesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazotua juu ya jani kila sekunde, kati ya nanometa 400 na 700, kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba. Ukizidisha kwa sekunde ambazo taa imewaka unapata moli za siku nzima, na hiyo ndiyo posho ya mmea. Miche inaridhika na moli 6 hadi 12 kwa siku. Letusi na majani mengine 12 hadi 17. Nyanya ukitaka izae vizuri ni 20 kwenda juu, na hapo ndipo bili inapoanza kukukodolea macho.

Sasa rafu yangu. Sentimita 80 kwa 60 ni mita za mraba 0.48. Fito nne, kila mmoja volti 20 mara ampea 0.7, ni wati 14, jumla 56. Fito nyeupe nzuri za siku hizi zinatoa kama mikromoli 2.5 kwa kila wati, basi nina 140 kwa sekunde. Nakata asilimia 30 inayopotelea pembeni na kwenye kuta, zinabaki 98. Gawanya kwa 0.48: karibu 204 kwa mita ya mraba. Nikiwasha saa 16, yaani sekunde 57,600, napata karibu moli 12. Letusi wanapita mlangoni, wakiinama kidogo.

Ukutani kipima wati kinasoma 64, hizo 8 za juu zinaliwa na draiva. Saa 16 kwa siku ni uniti moja na nukta chache, mwezi ni kama uniti 31. Kila mtu apige kwa bei yake.

#20 Swali_Tu

Mkuu hiyo mikromoli nitaipimaje? Kile kifaa nimekiona bei yake nikafunga ukurasa.

#21 Mkulima_wa_Kabati

@Swali_Tu hata mimi sina. Natumia simu, programu ya kupima lakisi (lux, yaani lumeni zinazotua kwenye kila mita ya mraba). Kwa LED nyeupe gawanya lakisi kwa 67 hivi, utapata mikromoli za kukaribia. Kwa jua ni 54. Kwa taa za zambarau usijaribu kabisa, namba itakudanganya vibaya, kwa sababu kipimo cha lakisi nacho kimetengenezwa kufuata jicho la mtu.

Weka simu pale jani lilipo, kioo kikitazama juu. Usiishike kwa mkono uliokunjika ukaitilia kivuli. Mara ya kwanza fito zangu zilikuwa zimeachana sawasawa, kwenye sentimita 10, 30, 50 na 70. Katikati nikasoma 15,500, pembeni 8,000. Yaani letusi wa pembeni alikuwa anapata nusu ya mwenzake, na alionekana hivyo kweli, mwembamba, amepinda shingo kuelekea katikati. Nikasogeza fito za mwisho zikakaribia kingo: 6, 28, 52, 74. Kuta za kabati nikapaka rangi nyeupe isiyong'aa. Sasa katikati ni 14,200 na pembeni 11,000. Sijaongeza hata wati moja.

#22 Mzee_wa_Multimita

Hiyo #21 isomwe mara mbili. Mwanga wa kwenye kona ndio unaopima ufundi. Kuwasha katikati kila mtu anaweza.

Nyongeza kuhusu kuta: rangi nyeupe ya maji inatosha. Karatasi ya alumini ya jikoni ikikunjamana inatupa mwanga kwa vipande, na inapitisha umeme. Sitaki kuiona karibu na waya.

#23 kijani_kibichi

Na umbali je? Kuna mtu aliniambia ukiongeza umbali mara mbili mwanga unapungua mara nne. Nikaogopa kuinua taa hata kidogo.

#24 Mzee_wa_Multimita

Hiyo ni kanuni ya nukta moja ya mwanga iliyo mbali. Ukiwa na fito nne zimetanda juu ya rafu, na wewe uko chini yake kwa sentimita 25, mwanga haupungui kwa kasi hiyo. Kila jani linaangaziwa na fito zote. Kuta nyeupe zikiwepo ndiyo kabisa. Inua tu, pima na simu, uone mwenyewe.

Kwa fito mimi huanza na sentimita 30 kwa miche. Tundika kwa mnyororo mwepesi, kila pete ni hatua moja ya kushusha au kupandisha. Kamba inateleza.

#25 Rehani_na_Mnanaa

Mimea yenyewe itakwambia. Miche ikirefuka shina kama uzi wa kushonea halafu inalala, mwanga ni hafifu. Majani ya juu yakipauka au yakijikunja kingo kwenda juu kama bakuli, mwanga umezidi. Letusi kingo za majani machanga ya ndani zikiwa kahawia, watu wanakimbilia kulaumu taa, nusu yake ni kweli: mwanga umemkimbiza, kalsiamu haifiki kwenye majani machanga kwa wakati. Dawa ni feni ndogo ipepee, majani yapumue. Mimi natumia feni ya kompyuta kuukuu, haina kelele.

Na tafadhalini, usiku uwepo. Nyanya nilimwachia taa saa 24 nikidhani namfanyia hisani, majani yakaanza kuwa ya njano na mabaka. Nyanya havumilii kuwaka bila kuzimwa. Wekeni taima ya kwenye soketi, saa 16 kwa 8, msahau.

#26 Zege_Halilali

Samahani naingia na swali la joto. Watu wanasema LED haina joto. Mbona fito zangu zinachoma?

#27 Mkulima_wa_Kabati

Mwanga wenyewe hauna joto kama la balbu ya zamani, lakini karibu nusu ya umeme unaoingia kwenye LED bado unageuka joto, na linatokea mgongoni. Lazima liwe na pa kwenda. Mimi nimefunga kila ufito kwenye alumini ya umbo la U, ile ya fremu za madirisha, kwa skrubu kila sentimita kumi. Katikati nimepaka grisi ya kupitishia joto, nyembamba kabisa, kama unapaka siagi kwa mtu usiyempenda.

Kipimo changu cha mtaani: baada ya saa moja, shika mgongo wa alumini (mgongo, sio mbele). Ukiweza kushikilia sekunde kumi bila kuutoa mkono, uko salama. Usipoweza, ongeza alumini au punguza ampea. Fito zangu za kwanza zilikuwa zimegundishwa kwenye ubao wa mbao kwa gundi. Ubao! Hata waya usingechomoka zisingemaliza mwaka.

#28 fundi_waya

Na hiyo alumini yote iungwe kwenye waya wa ethi. Fremu, vipande vya U, kila chuma kinachoshikika. Waya mmoja wa kijani na njano kutoka fremu hadi ethi ya plagi, na ncha yake ibanwe vizuri chini ya skrubu, rangi ya chuma ikwanguliwe hapo kwanza. Draiva zikae nje ya kabati, juu kuliko mimea, zisiwe chini ambako maji yanadondokea. Waya unaoenda kwenye soketi uachie uning'inie chini kisha upande juu kwenye soketi, tone la maji likiteremka nao lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Halafu jambo ambalo sijaona mtu kalitaja. Usichomeke LED kwenye draiva ambayo tayari imewashwa. Draiva ya mkondo usiobadilika ikiwa haina mzigo inapanda hadi volti zake za juu kabisa na kuzihifadhi ndani. Ukiigusisha LED hapo inapokea kofi moja kubwa kabla draiva haijajirekebisha. Unga kwanza kila kitu, ndipo uwashe ukutani. Na ukizima subiri kidogo kabla ya kuunga tena.

#29 Zege_Halilali

Kumbe. Mimi hiyo ndiyo iliniulia ufito mmoja wiki iliyopita, nikamrudishia aliyeniuzia na maneno makali. Itabidi nikamwombe radhi.

#30 Mzee_wa_Multimita

@Zege_Halilali na umwambie kwa nini, ili na yeye awaambie wateja wengine.

#31 nuru_baridi

Kofia nimerudisha zote nane. Balbu nimeshusha kutoka sentimita 50 hadi 20. Nimepima kwa simu kama mlivyosema: ilikuwa 5,200 lakisi bila kofia kwa umbali ule, sasa na kofia ni 9,400. Sina la kusema.

#32 Rehani_na_Mnanaa

@nuru_baridi kaka hilo "sina la kusema" nimelisoma kwa furaha.

#33 Swali_Tu

Wakuu nimefuata kila kitu. Fito mbili, draiva moja ya milliampea 700, volti 9 hadi 48, imeandikwa imetenganishwa. Alumini ya U ipo, ethi ipo, nimekwangua rangi. Mfululizo: chanya ya draiva kwenye chanya ya ufito wa kwanza, hasi yake kwenye chanya ya wa pili, hasi ya wa pili inarudi kwenye draiva. Plagi bado iko mkononi, naogopa kuchomeka.

#34 Mkulima_wa_Kabati

Kabla hujachomeka vuta kila waya kidogo, ule usiobana utoke sasa hivi, sio siku ya tisa. Kisha chomeka, usiziangalie LED moja kwa moja, na pima volti kati ya chanya na hasi za draiva.

#35 Swali_Tu

Waya mmoja ulitoka nilipovuta!! Nimeubana upya. Nimewasha. Zinawaka zote mbili. Multimita inasoma 39.6.

#36 Mkulima_wa_Kabati

39.6 iko ndani ya 9 na 48. Acha ziwake saa moja, ushike mgongo wa alumini, uje utuambie.

#37 Swali_Tu

Saa moja imepita. Ina uvuguvugu tu, nimeshika hadi nikachoka mwenyewe. Lakisi katikati 13,000 kwa sentimita 30, rafu yangu ni ndogo kuliko yako. Mbegu za rehani nimezimwaga jioni hii hii. Picha nitaweka zikichomoza, @kijani_kibichi asije akasema ni chai.